Sweta ya Tunu

Ukumbini joto lilikuwa kali, maana mji ule haukuwa umeonja mvua tangu mwaka uliopita. Bi Mwanaidi, aliyejijengea jina kwa kuandika juu ya ukame na rangi ya ngozi, alikuwa akisoma kitabu chake kipya, pale mtoto anapojisugua mikono kwa jiwe la kusugulia miguu ili weusi umtoke. Watu wakafuta machozi, kisha wakapiga makofi. Bintiye Tunu, aliyeketi mbele, hakupiga.

"Jina nimebadilisha, mwanangu," alimnong'oneza aliposhuka jukwaani.

"Nilikwambia wewe tu, mama."

Msomaji mmoja akaleta kitabu kitiwe sahihi. Mwanaidi akashika kalamu asiandike, akimtazama Tunu, ambaye katika joto lote lile alikuwa akiivuta mikono ya sweta ifike vidoleni.