Kumi na Nane

Niliifunga kamera kwenye stendi, nikalaza rula mezani, namba zikienda mbali na kamera, na kulenga namba kumi. Nikaiacha ijipige yenyewe, mikono yangu nimeikunja kifuani.

Kumi ikatoka na ukungu. Nyuma yake, kumi na nne ikatoka kali kama wembe.

Miaka sita mume wangu anawaambia wateja, "Mke wangu mikono inamtetemeka. Harusi nitapiga mimi." Akaniweka kaunta ya studio yetu, nikate picha za pasipoti.

Nikafungua menyu, pale pa kusogeza fokasi ya lenzi mbele au nyuma. Nilitarajia sifuri, kama inavyotoka kiwandani. Nikakuta kumi na nane.

Namba hiyo haijiweki. Mtu huipandisha kwa kidole, moja moja, kisha anaihifadhi. Na kamera hii alinitayarishia yeye, wiki ileile wateja walipoanza kuniulizia mimi.

Nikairudisha sifuri.

Mume wangu akaingia na kikombe cha chai. "Bado unahangaika, mama? Si nilishakwambia ni mikono?"

Nikaichomoa kamera kwenye stendi, nikaishika mkononi.

"Simama hapohapo, baba watoto. Nimeirudisha sifuri."

Nikabonyeza.

Kwenye picha, kope zake zilitoka kali zote, unaweza kuzihesabu. Na macho, yanatafuta mlango.