Kilo Sabini za Baba

Gunia lilimshinda tena katikati ya ngazi. Goti lilipiga chini, mkanda ukamkata bega, na mchanga wote, kilo sitini na tano, ukamlalia mgongoni.

"Shusha," kocha alisema.

"Sishushi."

"Shusha, dada. Ukivunjika wewe, tutakuwa na wawili wa kubeba."

Alishusha, akakaa palepale kwenye ngazi za nyuma ya jimu, akalia kwa hasira. Wanyanyua vyuma walimwita Cherehani kwa sababu alikuwa mshonaji wa mapazia, na siku alipoingia mle ndani walicheka mpaka wakashika mbavu. Sasa hakuna aliyecheka. Walishajua anachotafuta, na hakikuwa misuli. Alitaka kumshusha baba yake kutoka ghorofa ya nne.

Baba alikuwa mwashi. Alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi akavunjika mguu, na siku ya kutoka hospitali vibarua wawili waliompandisha kwenye kiti wakamwangusha ngazini. Mfupa ulipona. Woga, wapi! Akiambiwa asimame, jasho linamtoka na miguu inatetemeka, na mtu yeyote asiyekuwa binti yake akitaka kumbeba anapiga kelele. Lifti ya jengo nayo ilikufa zamani.

Mama alikuwa na ugonjwa wa moyo. Daktari alimkataza kupanda ngazi, kwa hiyo alihamia kwa mdogo wake mtaa wa pili. Mwaka mzima mume na mke, mtaa wa pili tu jamani, wanaonana kwenye simu! Ndipo Mama akapangiwa upasuaji siku ya Jumamosi, naye akagoma.

"Siingii humo mpaka nimuone kwa macho yangu. Nikifia mezani je?"

Jamaa mmoja mwenye kifua kikubwa alichuchumaa karibu na Cherehani, akafungua kiganja kilichokuwa na vidonge. "Wiki moja tu, utapaa."

Kocha alivipiga kofi vikatawanyika sakafuni. "Hapa dawa ni jasho na usingizi. Na wewe Cherehani, nisikilize. Mgongo wako hauna tatizo. Ukifika katikati unamuona baba yako anaanguka, basi, unaanguka wewe. Acha kuangalia ngazi. Hesabu pumzi, tena kwa sauti."

Jioni hiyo, alipokuwa akipanda kwenda nyumbani, jirani wa ghorofa ya tatu alichungulia mlangoni.

"Binti, mzee wako anahamisha makabati mchana? Dari yangu inamwaga vumbi."

"Baba? Hata kitandani hatoki. Labda redio."

Ndani alikuta sakafu imelowa, na ndoo ya maji haipo pale alipoiacha.

"Umemwaga tena, Baba?"

"Mkono umeteleza, mama. Nisamehe."

Akamkalisha juu ya mizani aliyoazima kwa muuza nafaka. Ilisoma sabini. Cherehani aliiangalia, akaigonga, akaiangalia tena.

"Baba! Ulikuwa sitini na tano! Unaninenepea wakati huu?"

"Si unapika vizuri," Baba alisema, akaficha viganja ndani ya shuka aliyojifunga.

Alitaka kucheka, ikashindikana. Sitini na tano zilikuwa zimemshinda, na siku zilikuwa zinakwisha.

Kesho yake akaongeza mchanga. Alianguka. Akaanguka tena. Siku iliyofuata alihesabu pumzi kwa sauti kama mwendawazimu, na alipoacha kuhesabu alikuwa juu, gunia mgongoni, na hakukumbuka amepitaje katikati. Kocha hakupiga makofi. Alimpa maji tu, akageuka kufuta macho.

Jumamosi asubuhi mama mdogo alipiga simu kutoka hospitali. "Wameshamvalisha gauni lao. Amekaa kwenye korido, hataki kuingia. Daktari anasema asipoingia sasa hivi wanampa mtu mwingine nafasi."

Cherehani aliinama. Baba akapanda mgongoni, akafunga macho. Mkanda ukabana. "Moja," alihesabu, na pumzi ikatoka. Ghorofa ya nne ikabaki nyuma. Jirani wa ghorofa ya tatu alifungua mlango, akashika mdomo.

Mgongo haukumwangusha. Kilichomwangusha ni kigae kilicholegea, ghorofa ya pili. Kifundo cha mguu kilipinda kwa mlio aliousikia masikioni. Alijitupa kwenye ukuta ili asimwangukie Baba, akateleza naye taratibu mpaka wote wawili wakawa chini.

Alijaribu kusimama, akapiga yowe. Mguu ulikuwa unavimba akiuona.

"Nimeshindwa, Baba. Nisamehe. Nimeshindwa!"

Simu ililia mfukoni. Ikakatika. Ikalia tena.

"Ngoja niite watu," alisema.

"Usiite mtu." Baba alikuwa ameshika ukuta, anatetemeka, jasho limemjaa usoni. "Hesabu pumzi, mama. Kwa sauti. Nami nisikie."

Chini, mlinzi wa jengo alikuwa amesimama mlangoni, teksi ikinguruma nyuma yake. Alikuwa amesikia yowe. Halafu akasikia sauti ya binti ikihesabu, na hatua nzito za mtu mmoja zikishuka. Hatua, kimya kirefu, hatua nyingine.

"Huyu binti ni chuma," mlinzi alinong'ona. Alifungua mlango wote, akasogea pembeni, akaomba Mungu wasianguke.

Walitokea kwenye mwanga, mmoja juu ya mgongo wa mwingine. Aliyebebwa alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

"Kumbe ile ndoo ulikuwa unaibeba wewe! Nishushe basi, Baba. Watu wanatuangalia."

"Sishushi," Baba alisema, "mpaka mama yako aone kwa macho yake."