Ungoje Mpaka Juni

"Usije sasa, dada. Ungoje mpaka Juni," mdogo wake alisema. "Januari Vienna haifai. Theluji imejaa mpaka mlangoni."

Jerusha alikuwa jikoni kwake Quakers Hill, ambako Januari ni kiangazi, madirisha yote wazi kwa joto, simu ameiegemeza kwenye birika. Tiketi alikuwa ameshakata. Tangu mdogo wake aondoke Nairobi kwenda kufanya kazi hotelini Vienna, hii ilikuwa mara ya kwanza kuonana naye kwa video.

"Baridi mimi siogopi," Jerusha alisema. "Likizo nishapata. Nikikuona wewe inatosha."

"Nimesema Juni! Juni kuna jua, kuna maua, watu wanakaa nje." Aliyasema haraka haraka, kama mtu aliyefundishwa la kusema.

Alikuwa amevaa koti zito, zipu imefungwa mpaka kidevuni. Ndipo Jerusha alipoliona jasho. Lilitoka kwenye nywele, likapita kando ya jicho, likadondokea kwenye kola.

Mbu akatua shavuni mwa mdogo wake. Jerusha akamtazama akinyonya damu, tumbo likivimba na kuwa jekundu. Mdogo wake alikunja uso, akapuliza kwa upande wa mdomo, akatikisa kichwa. Mbu hakuondoka.

Mkono haukuinuka kumfukuza.

Jerusha akajilazimisha kutabasamu.

"Haya, nitakuja Juni," alisema polepole. "Nipungie mkono basi, niende kazini."

Macho ya mdogo wake yakahamia pembeni, kwa mtu ambaye Jerusha hakumwona. Kisha simu ikakatika.