Mnana Aliyeacha Kusuka

Zamani, ndege walipokuwa wakiajiriana kama watu, mnana aliwasukia wenzake viota kwa ujira wa mtama. Jioni alikuwa akiimba.

"Unamwimbia nani, baba watoto?" mkewe alimuuliza.

"Simwimbii mtu. Naifurahisha roho yangu tu."

Tausi akamsikia, akamwajiri aimbe kutwa kwa mtama maradufu. Mnana akatupa nyasi kwa furaha.

Hata mwezi haukuisha, mkewe akamkuta, koo limemkauka, akisuka kiota kisicho na mwenyewe huku macho yanamng'aa.

"Unamsukia nani?"

"Simsukii mtu. Naifurahisha roho yangu tu."

Mnana akayasikia maneno yake mwenyewe, akaduwaa, unyasi mdomoni.

"Basi suka kwa siri," mkewe akamwambia. "Tausi asije akakuona ukifurahi."