Fungu la Kichanga

Siku hizi arosto haimtesi teja peke yake. Kifaa cha watafiti huyagawa maumivu ya kukosa unga kwa wote waliomo nyumbani, ili mgonjwa apunguziwe na aweze kuacha. Ndiyo maana tulijazana kwa shoga yangu Mwanahawa kumsaidia mwanawe, Shaweji, tukitafuna mihogo na kuwasengenya waliokosa kuja.

Mwanzoni tuliumwa maungo tu. Kisha majirani wakaanza kusingizia misiba. Jana tulibaki watatu, tukaona cha moto. Nilijikuta nimemkaba koo Mwanahawa, naye amening'ata mkono hadi nyama ikaning'inia. Shaweji alijipigiza kichwa ukutani mpaka akazimia.

Leo niliishia mlangoni. Pili, mke wa Shaweji, ambaye ndiyo kwanza ametoka kujifungua kwao, alikuja kumwonyesha mumewe mtoto. Aliposikia kifaa kinakaribia kuwashwa, akageuka aondoke. Mwanahawa akamzuia.

"Mwache mtoto hapa."

"Mama, huyu hata kitovu hakijadondoka."

"Mumeo akibaki na mimi tu, atakufa. Huyu si mtu?" Akanigeukia. "Au ingia wewe, shoga."

Nikauficha mkono wenye bandeji. "Nimeacha maharage jikoni."

Mwanahawa akamtandika Pili mchi wa bega, akampokonya mtoto, akamsukumia nje na kupiga komeo.

Pili aliubamiza mlango hadi vidole vikatoka damu. Ndani kichanga kilipasua kilio ambacho si cha njaa. Ikafuata sauti ya Shaweji, tulivu kabisa.

"Leo afadhali, mama."