Koti la Mzee

Koti la marehemu lilimkaa yule mgeni kama alishonewa yeye. Akajigeuza mbele ya kioo cha ofisi, akavuta mkono mmoja, akakohoa mara mbili.

“Hapo vipi?” akauliza.

“Safi,” akasema kaka mkubwa. “Ila punguza kidogo. Mzee ni mgonjwa, siyo kwamba anakata roho.”

Mlangoni alisimama dada wa huyo kaka, ambaye kiwanda kizima kilimwita Karani. Alimtazama mtu yule ndani ya koti la baba yao, na hasira ikampanda. Mgeni alikuwa mwigizaji mstaafu. Kaka alimkodi bila kumwambia mtu, aje akae mezani asubuhi hiyo, akohoe, atie saini, aende zake.

Mambo yalianza baba alipofariki. Yeye ndiye aliyejenga kiwanda kile cha vitanda vya chuma, na springi zote alizinunua kwa familia moja ya nchi ya mbali, wenye kiwanda chao nao. Wazee wale wawili hawakuwahi kuonana. Biashara yao yote ilikuwa ya simu. Msiba ulipotokea, kaka aliitisha kikao cha ukoo.

“Wale hawafanyi biashara na kampuni,” alisema. “Wanafanya na mzee wa nyumba. Wakisikia Mzee hayupo, tena anayeendesha kiwanda ni mwanamke, tumekwisha.”

Basi habari za msiba hazikuvuka mpaka. Mwaka wa tatu sasa, Karani ndiye aliyekuwa akipiga simu, kwa cheo cha karani wa Mzee. “Mzee yupo hapa, anasema bei hiyo hapana,” alikuwa akisema, na nyuma yake mlinzi wa getini, aliyeitwa kwa kazi hiyo tu, akikohoa kwa moyo wake wote.

Upande wa pili alipokea mwanamke mwenzake, katibu wa mzee wao. Mzee mwenyewe hakupenda maneno. Kila mara kilisikika kikohozi kwa mbali, kisha katibu akasema, “Mzee wetu amekubali. Ila mzee wenu ni mkaidi jamani, hasogei hata senti!” Siku moja aliongeza kwa upole, “Tunazijua mila zenu. Kwenu ni mzee kwa mzee.” Karani akacheka moyoni. Mila zetu, au zenu? Lakini anayekuuzia springi habishiwi, akameza.

Sasa familia mbili zilitaka kujenga kiwanda kimoja cha pamoja, na kwa jambo hilo simu haikutosha. Wazee walitakiwa wakae meza moja. Mapokezi walikuwa wamekwisha piga simu juu: wageni wameingia kwenye lifti.

“Mzee wangu, samahani,” Karani akamwambia mwigizaji. “Naomba hilo koti.”

“Dada, usianze!” Kaka akamzuia kwa mkono. “Maji tumeshayavulia nguo.”

“Basi leo nayaoga mimi. Baba amekufa mara moja, kaka. Wewe unamfufua kila simu ikilia. Mwache apumzike.”

“Na springi? Na watu wote wale huko chini wanaotutegemea? Kiwanda kikifungwa utawaambia nini?”

“Nitawaambia ni mimi niliyekifunga. Kwa jina langu.”

Mwigizaji aliwatazama wote wawili, akavua koti taratibu, akalikunja vizuri. “Mimi niliambiwa nikohoe tu, mwanangu,” akasema, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Karani akaingia chumba cha mkutano. Akalitundika koti kwenye kiti cha mwisho wa meza, kiti ambacho hakuna aliyekikalia tangu msiba, kisha akakikalia. Liwalo na liwe.

Mlango ukafunguliwa. Mwanamke wa umri wake, mwenye suti ya bluu, alisukuma kiti cha magurudumu. Kitini alikaa mzee aliyejifunika skafu mpaka puani, kofia imeshuka, miwani myeusi.

“Mzee wetu amefurahi kufika,” akasema, na Karani akaitambua mara moja sauti ya katibu. Macho ya katibu yakazunguka chumba. “Mzee wenu yuko njiani?”

“Mzee wetu hayupo duniani. Mwaka wa tatu huu.”

Kaka, aliyesimama karibu na dirisha, akafunika uso kwa viganja.

“Yule mkaidi asiyesogea hata senti ni mimi,” Karani akaendelea, na sauti yake ikazidi kupata nguvu. “Kila bei mliyobishana nayo ilikuwa yangu. Kila kitanda kilichotoka hapa nimekiuza mimi, na mkataba wa leo nitautia saini mimi, siyo kivuli cha baba. Nimechoka kuwa karani wa maiti. Kama mila zenu haziruhusu mwanamke kukaa kiti hiki, lifti iko palepale mlipotokea.”

Katibu alikuwa ameshika vishikio vya kiti cha magurudumu kwa nguvu, midomo ikimcheza. Mzee wake akakohoa, kikohozi kilekile cha kwenye simu. Akasubiri kidogo, akakohoa tena.

“Acha,” katibu akamwambia, machozi yakimlenga. “Inatosha.”

Mzee akavua miwani. Akavua kofia, akafungua skafu, akainuka wima kutoka kwenye kiti cha magurudumu, kumbe ni kijana wa miaka thelathini hivi, akaanza kufungua vifungo vya koti.

“Sasa dada,” akamwuliza katibu, “hizi nguo za marehemu baba yako nikuachie hapa hapa, au nikazifue kwanza?”