Mwandiko Mpya wa Bi Mwanakheri

Siku hizo kila mlango mjini Tanga ulifunguka kwa mwandiko: unaandika jina lako kwenye kioo, nyumba inakutambua.

Bi Mwanakheri, mjane, alikuwa na mwandiko mbaya tangu utotoni. Marehemu mumewe aliwahi kuandikiwa alete vitunguu, akaleta viatu, wakacheka hadi machozi. Lakini mjukuu wake aliposhindwa kusoma kadi aliyomwandikia, Bi Mwanakheri aliona haya, akajiunga na darasa la mwandiko la watu wazima. Polepole herufi zake zikanyooka, zikapendeza.

Jioni moja mlango wake ukamkataa. Alijaribu kurudia mikwaruzo ya zamani, mkono ukagoma.

“Sajili huo mwandiko mpya, shoga,” jirani yake Tunu alimshauri. “Ila ule wa zamani utafutika.”

Bi Mwanakheri alimkumbuka mumewe alivyokuwa akiinamia karatasi na kubahatisha maneno yake. Kisha akausajili mwandiko mpya pale kwenye kioo.

Mlango ukafunguka. Sauti ya nyumba ikasema kwa adabu, “Karibu, mgeni. Mwenye nyumba hayupo. Utamngoja?”

Bi Mwanakheri aliketi ukingoni mwa kochi lake.

“Nitamngoja,” akasema.